Msiba Uliotangazwa na Msiba Usiotangazwa

Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja, alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1960, akiwa na umri wa miaka 81. Alikuwa amekalia kiti cha enzi kwa miaka 48 na miezi 10, na miongoni mwa masultani waliotawala Unguja tangu ilipotenganishwa na Omani hakuna aliyemfikia kwa urefu wa enzi. Raia zake wengi hawakupata kumjua mtawala mwingine. Katika hesabu ya raia hao walikuwamo pia wakazi wa Gongoni, kaskazini ya Mto Sabaki, baina ya Mambrui na Marereni, ingawa baina yao na jumba lake la kifalme palikuwa na bahari na mamia ya kilomita.

Mwanafunzi wa leo akiambiwa kwamba nchi hii ya mashamba ya chumvi na minazi ilikuwa chini ya bendera nyekundu ya Unguja hadi Desemba 1963, huona kama anasimuliwa hekaya. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo maisha ya Seyyid Khalifa yanastahili kusomwa huku kwetu, na kifo chake kinastahili kutafakariwa zaidi, maana kilitokea wakati redio ilipokuwa imeanza kuwafundisha watu wa Pwani namna mpya ya kuomboleza. Wahenga walinena kuwa zumari ikipigwa Unguja huchezwa hata Maziwa Makuu. Neno hilo lilikuwa la biashara na siasa. Ilipokuja redio, likawa neno la misiba pia.

Seyyid Khalifa alizaliwa Maskati tarehe 26 Agosti 1879. Baba yake alikuwa Seyyid Harub, mwana wa Seyyid Thuwaini aliyetawala Omani, na babu yao mkuu ni Seyyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamishia Unguja utawala wake na kuifanya mashuhuri kwa karafuu. Akiwa bado kijana alivuka bahari na kuja Unguja, ambako ami yake, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alitawala kuanzia 1893. Ami huyo alipofariki Agosti 1896, Seyyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 ya mwezi huo manowari za Kiingereza zililipiga jumba la kifalme kwa mizinga, na vita vikamalizika katika muda usiotimia saa moja. Khalifa alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja kabla.

Sidhani kama kuna somo la utawala lililomkaa kijana yule kuliko lile. Alijua tangu ujanani kwamba Sultani wa Unguja huwekwa na huondolewa kwa idhini ya wenye manowari. Aliyewekwa baada ya mizinga kunyamaza, Seyyid Hamud bin Mohammed, ndiye aliyetia saini amri ya 1897 ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani. Mwaka 1900 Khalifa alimwoa Seyyida Matuka, binti wa Sultani huyo. Mwaka 1902 Hamud alifariki na mwanawe Ali akarithi. Ali bin Hamud alisomeshwa Uingereza, akawa na afya dhaifu na mapenzi makubwa ya safari za Ulaya, na mwaka 1911, alipokuwa huko baada ya kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, aliamua kujiuzulu. Enzi ikamwendea shemeji yake. Tarehe 9 Desemba 1911 Khalifa bin Harub akawa Sultani wa tisa tangu Seyyid Majid.

Alichorithi kilikuwa heshima kubwa na mamlaka madogo. Mwaka uleule wa 1911 Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash liwe fahari ya ukoo, lilikuwa ofisi za serikali ya Waingereza. Mwaka 1913 mambo ya Unguja yalihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kutiwa katika Wizara ya Makoloni, na baada ya hapo akawekwa mkubwa wa Kiingereza ambaye wenyeji walimwita Balozi. Sheria zilitoka kwa jina la Sultani, lakini kalamu iliyoziandika ilikuwa ya Balozi. Mwaka 1926 likaundwa Baraza la Kutunga Sheria, na hapo pia wajumbe waliteuliwa kwa namna isiyoweza kuwashinda maofisa.

Je, mtu aliyefungwa namna hiyo hufanya nini kwa miaka karibu 49? Seyyid Khalifa alichagua uvumilivu na adabu. Aliusikiliza upande huu na ule, akahudhuria sikukuu za jamii mbalimbali, akawa mpole kwa wakubwa na wadogo, wala hakujiingiza waziwazi katika ugomvi wa vyama. Wako watakaosema huu ulikuwa woga, na hoja yao haikosi nguvu, kwa kuwa upole wake ulimfaa mkoloni. Wako watakaosema ulikuwa hekima ya mkono usioweza kuukata, na hao pia wana hoja. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba alijipatia mapenzi ya watu wengi kuliko ilivyotarajiwa kwa mtawala wa nchi iliyogawanyika kwa kabila, rangi na mali. Hata wale waliokuja kuupinga utawala wa kisultani walijizuia kumshambulia yeye binafsi alipokuwa hai.

Miaka yake haikuwa mitulivu. Mwaka 1914 Vita Vikuu vilipoanza, alisimama upande wa Uingereza, na tarehe 20 Septemba mwaka huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Kiingereza bandarini Unguja, mbele ya macho ya mji. Mwaka 1936 ilisherehekewa jubilii ya miaka 25 ya utawala wake, ikatolewa stempu maalumu yenye sura yake. Mara tu baada ya hapo ukazuka mgogoro wa karafuu wa 1937 na 1938, wafanyabiashara wa Kihindi walipoisusia biashara hiyo. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki waliingia katika kisa kiitwacho Vita vya Ng'ombe. Mwaka 1956 alimpokea Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, na Julai 1957 akaona uchaguzi wa kwanza katika historia ya visiwa vyake.

Huko ni Unguja. Hapa Gongoni utawala wake ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Mapatano ya 1886 baina ya Wajerumani na Waingereza yalimwachia Sultani ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, uliofika kaskazini hadi Kipini, na Gongoni iko ndani yake. Kuanzia 1895 Uingereza iliusimamia ukanda huo kwa niaba yake na kumlipa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka, mbali na riba ya deni. Mwaka 1920 bara ilipotangazwa kuwa Koloni la Kenya, Mwambao ulibaki kuwa Himaya. Mambo aliyoyaona mwananchi yalikuwa machache: bendera nyekundu katika ngome na ofisi, Liwali, Mudiri, Kadhi, na jina la Sultani likitajwa katika hotuba ya Ijumaa kwenye misikiti kadhaa ya Mwambao. Mambo asiyoyaona yalikuwa makubwa kuliko hayo.

Kubwa zaidi lilikuwa ardhi. Sheria ya Hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba katika ukanda huo alete madai yake mbele ya ofisa wa serikali. Waliokuwa na karatasi, wakili, au mazoea ya ofisi walipata hati. Ardhi isiyodaiwa iliandikwa kuwa ya serikali. Wamijikenda, pamoja na wale waliotoka utumwani na wazao wao, wengi wao hawakupata chochote katika zoezi hilo, kwa kuwa umiliki wao ulitegemea kulima, kuzika na kukumbuka, na mambo hayo hayakuwa na nafasi katika daftari la ofisa. Neno skwota, ambalo mpaka sasa halijatoka vinywani mwa watu wa Magarini na Kilifi nzima, lina mizizi yake hapo. Sheria hiyo ilikuwa imeshapita Seyyid Khalifa alipotawazwa, hakuitunga yeye. Lakini kazi ya kuitekeleza iliendelea katika enzi yake, katika nchi iliyohesabiwa kuwa yake.

Sasa tumtazame mtu mwingine wa enzi hiyohiyo, aliyezikwa karibu nasi zaidi. Mwaka 1913, Sultani akiwa hajatimiza miaka miwili kitini, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alisimama kuwapinga Waingereza waliotaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi mashambani na vitani. Hakuwa na gazeti wala simu ya upepo. Chombo chake kilikuwa kifudu, ngoma ambayo kwa desturi huchezwa matangani. Alikwenda kijiji hadi kijiji akicheza ngoma ya msiba, na watu wakamfuata mpaka Kaya Fungo, wakala viapo vya kutotii. Mgiriama yeyote aliyekiona kifudu kikichezwa nje ya matanga hakuhitaji maelezo marefu: palikuwa na kitu kinachokufa, na kitu hicho kilikuwa nchi yao.

Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka na kurudi Pwani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 1914 akakamatwa tena. Mwezi huohuo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na katika majuma yaliyofuata nyumba za Wagiriama zilichomwa moto, watu wakauawa, faini ya rupia 100,000 ikatozwa, na waliokuwa wakiishi kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuondoka. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, lakini jeraha lilikwisha kuingia. Msomaji na azilinganishe tarehe hizi. Septemba 1914 mabaharia wa Pegasus walikufa bandarini Unguja, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo katika kisiwa cha Chapwani. Waliokufa kando ya Sabaki katika majuma yaleyale hawakuwekewa mawe.

Mekatilili alirudi kwao baada ya kifungo chake, akafariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, katika Magarini hii hii yetu. Hakukuwa na bendera iliyoshushwa nusu mlingoti. Redio nayo haikuwapo bado: utangazaji ulianza nchini Kenya mwaka 1928, na kwa miaka mingi ulikuwa wa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Habari ya kifo chake ilichukuliwa na miguu na midomo, kwa njia ileile alimopitia yeye na kifudu chake.

Redio iliwafikia Waswahili wengi baada ya Vita vya Pili. Unguja ilianzisha Sauti ya Unguja mwaka 1951, na Mombasa ikawa na Sauti ya Mvita. Mwaka 1954 Sauti ya Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwapigia kelele wakoloni kwa lugha ambayo wao wenyewe hawakuithubutu katika vituo vyao. Juni 1957 ikafuata Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwishoni mwa muongo huo redio ndogo za betri zilianza kuenea, na mahali pasipo na umeme pakaweza kusikia dunia. Chombo kimoja kilitosha baraza zima. Watu walikaa, wakanyamaza, wakasikiliza pamoja, kisha wakaanza kubishana.

Nguvu ya chombo hiki katika misiba ya wafalme ilidhihirika katika ardhi ya Kenya yenyewe. Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki usingizini huko Uingereza. Binti yake na mrithi wake, Elizabeth, alikuwa Nyeri, amelala usiku wa kuamkia siku hiyo juu ya mti kule Treetops kutazama wanyama. Meli Gothic ilikuwa ikimngoja Mombasa ili aendelee na safari ya Ceylon na Australia. Mawasiliano rasmi yalichelewa, na wasaidizi wake wakaipata habari kupitia kwa mwandishi wa magazeti na kuithibitisha kwa redio. BBC ilisitisha vipindi vyake vya kawaida, na nchi zote za himaya zikasikia msiba mmoja katika siku moja. Mfalme alizikwa tarehe 15 Februari. Kwa siku tisa masikio ya dunia yalielekezwa kwenye jeneza moja. Oktoba ya mwaka huohuo serikali ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na tangu hapo redio hiyohiyo ikawa inasoma hesabu za waliouawa msituni kama mtu asomaye bei ya pamba.

Habari ya kifo cha Seyyid Khalifa ilipotoka Oktoba 1960 ilizikuta njia hizi zote zimekwisha kutandazwa. Hapo awali kifo cha Sultani kilifika Mwambao kwa jahazi, kwa barua, au kwa simu ya serikali iliyosomwa na Liwali. Mtu wa Mambrui angeweza kuomboleza siku kadhaa baada ya wenziwe wa Unguja kuanua matanga. Sasa msiba uliweza kusikiwa Unguja, Mombasa na Malindi kwa wakati mmoja, kwa sauti ya mtangazaji mmoja, kwa lugha ya wasikilizaji wenyewe. Sultani ambaye wengi hawakuwahi kumwona ila katika stempu ya barua akawa maiti aliyeingia ndani ya nyumba zao.

Hata hivyo desturi za Kiislamu ziliuwekea msiba huo mipaka. Dini haipendi maiti acheleweshwe, awe mfalme au mchukuzi. Huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa na kuzikwa. Matanga ni siku tatu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, awe mke wa Sultani au mke wa mvuvi. Seyyid Khalifa alizikwa katika makaburi ya ukoo wake, kando ya jumba la kifalme ufukweni, walipo Seyyid Said na Seyyid Barghash. Mwanawe Abdullah akarithi, na jina katika hotuba ya Ijumaa likabadilika. Mfalme wa Kiingereza hupewa siku nyingi ili dunia ipate kumtazama, ilhali Sultani, kwa hukumu ya dini yake, alipewa saa chache. Naona hapo pana mafunzo ambayo wenye vyombo vya habari wa zama zetu wangefaa kuyazingatia, wao wanaorefusha msiba wa mkubwa mpaka hata wafiwa wenyewe wanachoka.

Watu walimlilia nini? Kwa maoni yangu walilia vitu tofauti chini ya jina moja. Waliomjua walimlilia mzee mwema. Wenye hati za mashamba na vyeo vya uliwali walilia ngao iliyokuwa inaondoka, kwa kuwa mkutano wa Lancaster House wa mwanzoni mwa 1960 ulikwisha kuonyesha kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika walio wengi, na siku nane tu kabla ya kifo hicho Nigeria ilikuwa imepata uhuru. Wengine walilia kwa kuwa redio na jirani walilia. Tena wako ambao hawakulia kabisa. Mgiriama asiye na hati, anayelima kwenye shamba linaloitwa la mtu mwingine, alikuwa na sababu gani ya kumlilia mwenye bendera? Kutolia kwake hakukuwa utovu wa adabu. Alikuwa na misiba yake, na hakuna aliyeitangaza.

Yaliyofuata yalionyesha kwamba wenye hofu hawakukosea. Uchaguzi wa Januari 1961, miezi mitatu baada ya mazishi, haukutoa mshindi wa wazi. Ule wa Juni ulimwaga damu, na watu 68 wakapoteza maisha. Seyyid Abdullah, aliyekuwa mgonjwa, alifariki tarehe 1 Julai 1963, na mwanawe Jamshid akatawala kwa muda usiofika miezi saba. Huku Mwambao waliotaka ukanda ujitenge na Kenya waliunda vyama na kupeleka hoja zao mbele ya tume ya Sir James Robertson. Mwaka 1961 tume hiyo ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Mohamed Shamte, wakakubaliana. Mahakama za Kadhi zililindwa, na zimo katika Katiba ya Kenya ya 2010. Hatimiliki zilizokwisha kutolewa zililindwa pia, na kwa hiyo yule aliyekuwa skwota chini ya bendera nyekundu aliamka skwota chini ya bendera mpya.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliuondoa usultani Unguja, na watu wengi wakauawa. Jumba la kifalme likaitwa Jumba la Wananchi, na jina la ukoo ule halikutajwa hadharani kwa wema kwa miaka mingi. Mwaka 1994 jumba likafanywa makumbusho, na wageni wakaruhusiwa kuviona viti na vitanda vya masultani. Seyyid Jamshid aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kwenda Omani katika uzee wake, na akafariki huko Desemba 2024. Babu yake alizikwa katika ardhi aliyoitawala. Yeye hakupata nafasi hiyo.

Swali la nani aombolezwe na nani asiombolezwe halikuzikwa na masultani. Malkia Elizabeth alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, serikali ya Kenya iliamuru bendera zishushwe nusu mlingoti hadi tarehe 12 ya mwezi huo. Runinga na redio zilijaa habari zake, kuanzia ile safari ya Nyeri ya 1952 hadi mazishi yake ya tarehe 19. Wakenya waligawanyika. Wengine walimwombea rehema kama mama mzee. Wengine wakauliza ni lini bendera hiyo ilishushwa kwa ajili ya waliokufa katika kambi za kizuizini. Wale wa kwanza waliwaona wenzao hawana utu, na wale wa pili wakawaona wenzao hawana kumbukumbu.

Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki isiyokamilika, na maisha ya Seyyid Khalifa yanatusaidia kuikamilisha. Inawezekana kumheshimu maiti bila kuusafisha utawala. Khalifa bin Harub alikuwa muungwana, hilo halina shaka. Lakini uungwana wake ulitandazwa kama zulia juu ya sakafu iliyooza, na waliotembea juu ya zulia hawakuwa walewale waliotumbukia katika mashimo. Mwalimu anayemfundisha kama mfalme wa hadithi, enzi ambayo kila mtu alishiba na kupendana, anawadhulumu wanafunzi ambao babu zao walifukuzwa kaskazini ya Sabaki. Mwalimu anayemfundisha kama dhalimu tu anawafunza uvivu, maana anawapa jibu bila kuwaonyesha jinsi mtu mwema anavyoweza kuwa kivuli cha dhuluma asiyoitunga.

Kuna njia iliyo bora kuliko hizo mbili, nayo haihitaji fedha nyingi. Wazee waliokuwa na umri wa miaka kumi na miwili Oktoba 1960 sasa wamekaribia miaka themanini. Wapo Gongoni, wapo Mambrui, wapo Ngomeni na Marereni. Wanafunzi na watumwe kwao wakiwa na daftari. Wawaulize habari ya kifo cha Sultani iliwafikiaje, nyumba ya nani ilikuwa na redio, nani alilia na nani aliendelea na jembe lake. Kisha wawaulize swali la pili, ambalo redio haikupata kuliuliza: ni kifo cha nani katika ukoo wao ambacho kilistahili kutangazwa nchi nzima na hakikutangazwa? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, yenye majina ya mahali na miaka, na yatunzwe katika maktaba ya shule pamoja na vitabu vya mtaala.

Kazi hiyo haitamvunjia heshima Seyyid Khalifa. Kaburi lake liko Forodhani, linajulikana, na wageni hulizuru. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, nalo katika miaka ya karibuni limeanza kukumbukwa, na bustani moja mjini Malindi imepewa jina lake. Waliobaki, wasio na stempu wala sanamu, watakumbukwa tu iwapo watoto wa shule wa Magarini watawaandika kabla wazee wanaowajua hawajaondoka.